Gari kula mafuta: anza na kipimo

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako lilikuwa likienda kilomita 14 kwa lita moja katika safari zako za Mtwara na Masasi, na sasa halizidi 10, na fundi anataka ubadilishe plagi zote. Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kipimo chenyewe, kwa maana mshale wa dashibodi hudanganya: jaza tangi mpaka pampu ijikate, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, tembea walau kilomita 200, kisha jaza tena katika pampu ileile na ugawanye kilomita kwa lita zilizoingia.

Upungufu ukithibitika, pima upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea. Ukirudi safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile yenye joto kali kuliko ya upande wa pili ina breki inayoshika, na huku kwetu pwani, ambako chumvi hula chuma, pistoni ya breki kukwama si jambo geni (langu lilinifanyia hivyo Mikindani).

Tazama pia mshale wa joto: injini ikibaki baridi hata baada ya nusu saa, huenda themostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini) imekwama ikiwa wazi, na kompyuta ya injini huendelea kuongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Filta ya hewa, ambayo kila mtu huilaumu, katika gari la injekta (lisilotumia kabureta) ikiziba hupunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji wa mafuta.