Unatembea Kila Siku, Lakini Kusimama Mpaka Ushike Kiti?

Msomaji mmoja anatembea dakika 40 kila asubuhi, mwaka wa pili sasa, na bado hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Anauliza aongeze kilomita ngapi. Asiongeze hata moja. Kutembea kunaufaa moyo na mapafu, ila mapaja na makalio yake yameshauzoea mzigo huo, na misuli isiyopata mzigo mpya haiongezi nguvu. Hiyo ndiyo misuli inayotubeba uzeeni, nayo huanza kupungua taratibu tukiwa bado tunajiona vijana.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wengi wanaishia hapo. Ushauri uleule unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na hayo ndiyo yanayorukwa.

Jipime kwanza. Chukua kiti kisicho na sehemu za kuwekea mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa katikati, pishanisha mikono kifuani, weka saa sekunde 30, kisha hesabu umesimama wima mara ngapi. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume akipata pungufu ya 14, au mwanamke pungufu ya 12, yuko chini ya wastani. Ukijisukuma kwa mikono, alama ni sifuri.

Zoezi lenyewe ni kiti hichohicho, siku 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Anza na seti 2 za mara 8, pumzika dakika moja au mbili kati ya seti. Rudisha visigino nyuma ya magoti kidogo, inamisha kifua mbele, sukuma sakafu kwa unyayo mzima. Kisha shuka kwa sekunde 3 kamili. Hapa ndipo watu wanapojidanganya: wakifika katikati wanajiachia, puu, kitini. Sentimita zile za mwisho ndizo ngumu kuliko zote, na ukizikwepa hutazipata siku utakapozihitaji. Magoti yakiingia ndani, yaelekeze kwenye vidole vya miguu. Usibane pumzi, maana shinikizo la damu hupanda ghafla. Toa pumzi unapoinuka.

Huwezi kabisa bila mikono? Weka mto mgumu juu ya kiti, halafu uupunguze unene kadiri unavyopata nguvu. Ukifikisha seti 3 za mara 12 bila kuhangaika, kumbatia begi la kilo 2, baadaye 4.

Nawasihi msikimbilie mzigo. Nguvu ya wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli. Kano zinazoshika goti huchelewa kukomaa. Anayeongeza mzigo maradufu wiki ya tatu ndiye anayekuja kulalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti. Mapaja kuuma siku mbili ni kawaida. Goti kuvimba au kuchoma si kawaida, na maumivu ya kifua au kizunguzungu ni sababu ya kuacha papo hapo na kumwona daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo aanzie kwa daktari.

Na ule protini ya kutosha. Aliyepita miaka 65 anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa figo zina tatizo. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72, zigawanywe kwenye milo yote. Yai moja lina gramu 6 tu.

Jipime tena baada ya wiki 8, kwa kiti kilekile na viatu vilevile, kwa sababu kiti kirefu kwa sentimita chache kitakupa alama ambazo miguu yako haijazipata.