Kama mwisho ni jela, wanatetea nini?

SWALI: Kaka shikamoo. Mi nafuatilia sana habari za watetezi wa haki za binadamu kwenye nchi zenye udikteta na dini kali, na kila nikisoma naona mwisho wao ule ule, jela, kukimbia nchi, au kunyongwa. Sasa wanasaidia nini? Halafu kuna rafiki yangu anasema ukiwatetea hao unapinga dini, maana serikali zenyewe zinahukumu kwa sheria ya Mungu. Nimeshindwa kumjibu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ngoja nianze na la rafiki yako maana ndo linaloniuma zaidi, na nitashika nchi moja tu, Iran, kwa sababu pale dini na utawala vimesukwa pamoja mpaka ukimgusa mtawala unaambiwa umemgusa Mungu.

Muulize kama anamjua Hussein Ali Montazeri. Huyu alikuwa ayatollah, yaani mwanazuoni wa ngazi ya juu wa Kishia, tena ndiye aliyekuwa ameshateuliwa kumrithi Khomeini, kiongozi mkuu wa Iran. Mwaka 1988 wafungwa wa kisiasa wakaanza kunyongwa kwa maelfu magerezani, wengi wao walishahukumiwa zamani wanatumikia vifungo vyao, wakawa wanaitwa mbele ya kamati wanaulizwa maswali machache kuhusu imani yao na msimamo wao, ukijibu vibaya ni kamba, basi. Agosti ya mwaka huo Montazeri akakaa na wanakamati akawaambia usoni kwamba huo ndo uhalifu mkubwa kuliko wote uliofanyika chini ya Jamhuri ya Kiislamu na historia itawalaani. Mtu aliyesoma dini maisha yake yote ndiye aliyesema hayo! Machi 1989 akavuliwa urithi, mwaka 1997 akafungiwa nyumbani kwake mji wa Qom zaidi ya miaka 5, akafariki 2009. Sasa rafiki yako atasema na yeye alipinga dini?

Na akikwambia haki za binadamu ni mambo ya Wazungu, mkumbushe tu kwamba lile Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la tarehe 10 Desemba 1948 lilipata kura 48 za ndiyo, na Iran, Pakistan na Afghanistan zote zilikuwemo humo.

Haya, swali lako sasa, wanasaidia nini. Nakuelewa kabisa, maana hata mimi kuna siku nasoma hizi habari naishiwa nguvu. Ila angalia Shirin Ebadi. Alikuwa jaji, kuanzia 1975 anaongoza mahakama Tehran, yakaja mapinduzi ya 1979 wakasema mwanamke hawezi kuwa jaji, wakamfanya karani kwenye mahakama ile ile aliyokuwa anaiongoza. Akaacha kazi, na leseni ya uwakili akaja kuipata 1992. Kesi yake moja hainitoki kichwani: binti wa miaka 11 amebakwa na kuuawa, wauaji wakahukumiwa kifo, lakini kwa sheria ya pale dia (fidia ya damu) ya mwanamke ni nusu ya mwanaume, kwa hiyo familia ya marehemu ikaambiwa ilipe tofauti hiyo ndo wauaji wanyongwe. Yaani aliyefiwa na mtoto ndo anadaiwa. Wakauza mpaka nyumba. Ebadi hakuishinda kesi ile, lakini aliiweka wazi watu wote wakaona hiyo sheria inamfanyia nini mtu, na mwaka 2002 bunge likapitisha sheria ya kuzuia kuwatesa watoto ambayo rasimu yake ya kwanza aliiandika yeye. Katikati hapo, akiwa anasoma faili la wapinzani waliouawa mwaka 1998, akakuta jina lake limo kwenye orodha ya wanaofuata kuuawa. Akaendelea kusoma faili.

Ofisi ya kutetea haki ya Ebadi na wenzake ilifungwa Desemba 2008 na mwaka uliofuata yeye akabaki nje ya nchi. Ungesema basi imeisha. Ila Narges Mohammadi alikuwa kwenye ofisi hiyo hiyo, na mpaka anapewa Nobel ya Amani 2023 alikuwa ameshakamatwa mara 13 na kuhukumiwa mara 5, jumla miaka 31 na viboko 154. Tuzo walienda kuipokea Oslo watoto wake mapacha, mama alikuwa gereza la Evin, Tehran. Siwezi kukwambia hiyo ni habari njema, wale watoto wamekua bila mama. Lakini yeye humo humo ndani alikuwa anahoji wafungwa wenzake waliowekwa peke yao kwenye vyumba vya upweke, anaandika, maandishi yanatoka nje.

Hapo ndo kwenye kiini kwa mtazamo wangu. Tawala za aina hii zinataka vitu viwili, mtu apotee na ionekane ni Mungu aliyetaka. Mtetezi anaandika jina, tarehe, gereza, nani alitia saini. Akifungwa, karatasi haifungwi.

Uliniuliza faida, nakupa hii. Kile kikao cha Montazeri kilirekodiwa, na 2016 sauti ikatolewa hadharani, miaka 28 baadaye. Waliopona kwenye magereza yale walikuwa wamekaa na majina yao muda wote huo. Novemba 2019 mtu mmoja, Hamid Nouri, akashuka uwanja wa ndege Uswidi akakamatwa, akashtakiwa kwa mauaji ya 1988 kwenye gereza la Gohardasht, mashahidi wakasimama mmoja mmoja wakamtambua, na Julai 2022 mahakama ya Stockholm ikampa kifungo cha maisha. Mwanzo kabisa kwa mtu yeyote kuhukumiwa kwa mauaji yale. Juni 2024 Uswidi ikamrudisha Iran kwa kubadilishana wafungwa, na familia za waliouawa ziliumia sana, mimi pia nilikasirika. Ila hukumu haikufutwa, ipo, na ushahidi wa wale mashahidi upo mahakamani kwa majina ya waliouawa.