Re: Saa ya kompyuta inarudi nyuma kila nikizima

Mkuu umesema mashine ya steshenari yako hapo Ujiji kila asubuhi ukiiwasha inasoma 2015 na tovuti zinagoma kufunguka. Hiyo ni betri ya kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani ya mashine), ile ya duara kama sarafu, CR2032, ishakufa, na ndo inayoshika saa umeme ukiwa haupo. Chomoa waya wa umeme, ibadilishe. Tovuti zinagoma kwa sababu brauza inalinganisha tarehe yako na ya cheti cha tovuti (uthibitisho kwamba tovuti ni ya kweli, una tarehe ya kuanza na ya kuisha), ikiona haviendani inakataa.

Ukimaliza ndo uje kwenye seva za saa, yaani kompyuta za mtandaoni zinazoipa mashine yako saa sahihi. Chagua taimuzoni ya Nairobi, ni UTC+3 (masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa) kama yetu, afu washa saa ijiseti yenyewe. Ila sikiliza hapa maana wengi ndo wanapokwama: Windows ikikuta tofauti imezidi masaa 15 hairekebishi kabisa, kwa hiyo kwanza weka tarehe na saa kwa mkono, na saa 2 asubuhi yetu andika 8, nilishakuta mashine moja huku Mwanga mtu kaandika 2 kweli, risiti zote zikatoka nyuma masaa sita, iliniuma sana maana mwenye duka alikuwa anahangaika na mahesabu.

Seva ya time.windows.com, ile ya Windows yenyewe, ikigoma weka pool.ntp.org. Zote zikigoma angalia faiwoli (kinga inayozuia mawasiliano ya mtandao), poti 123 ya UDP, mlango unaopitisha saa, lazima iwe wazi.