Wasomaji Wanauliza: Episodi za Zamani za Anga Zikipanda Stejini

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Mimi na wenzangu tuna kikundi cha maigizo, tunataka tuchukue episodi za zamani za vipindi vya TV vya Star Trek, ile ya meli inayosafiri angani, na The Twilight Zone, ile ya visa vya ajabu ambayo kila episodi ina kisa chake, tuzifanye komedi ya stejini. Tumegawanyika, wengine wanataka tuchomeke vichekesho kila mstari, wengine wanasema tuache maneno yalivyo, watu watacheka wenyewe. Wewe unaonaje? Na ruhusa, lazima tuombe ama kwa vile ni vya zamani ni bure?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mimi niko na hao wa pili, tena kabisa. Hizo episodi zinachekesha kwa sababu wahusika wanaamini kila kitu, ukimpa mwigizaji ruhusa ya kukonyeza watu basi umeua kichekesho, kwa nini hadhira iogope wakati yeye mwenyewe haogopi?

Chukua meli ya Star Trek ile ya 1966 hadi 1969 inapopigwa kombora. Kwenye TV kamera inainamishwa na waigizaji wanajirusha upande, unaona meli imeyumba. Stejini kamera haipo, watu wanachoona ni watu wazima sita wamelalia kushoto kwa pamoja, halafu kulia, nyuso zimekunjamana kweli kweli, na hapo ukumbi utavunjika mbavu bila nyie kuongeza neno. Ila fanyeni mazoezi mpaka mnaegemea kwa sekunde moja, mmoja akichelewa makusudi ili achekeshe mnaharibu.

Kule Portland, Oregon, kuanzia 2009 hadi 2013 kulikuwa na Trek in the Park, kila kiangazi episodi moja, bure, nje kwenye bustani. Walianza na Amok Time, ile Spock, msaidizi wa nahodha, anapigana na nahodha wake Kirk, wakamalizia na The Trouble with Tribbles. Hawakuifanyia dhihaka, waliicheza kama ilivyo na watu wakafurahi sana.

The Twilight Zone ndio tamu zaidi kwangu. Anne Washburn alichukua episodi nane akazikatakata na kuzichanganya, Richard Jones akaongoza, ikaonyeshwa ukumbi wa Almeida, London, Desemba 2017. Hadithi inaachwa katikati inaingia nyingine halafu ile ya kwanza inarudi, na hiyo peke yake inaleta kicheko maana unashtukia upya kila mara. Moja ya hizo nane ni ile ya 1961, abiria wa basi wamekwama mgahawani na mmoja wao katoka sayari ya Mars. Mwishoni jamaa anatoa mkono wa tatu, halafu mwenye mgahawa anavua kofia, kumbe ana jicho la tatu kwenye paji. Mkiifanya hiyo, mkono uwe wa mwenzenu aliyejificha nyuma ya koti, mkono hai unaoshika sigara taratibu, msitumie wa plastiki, na aliyevaa koti aendelee kuongea kama hamna kitu. Watu wanajua kabisa mmefanyaje na bado watapiga makofi, hiyo raha TV haina!

Sasa ombi langu, sio kila episodi iwe komedi. The Shelter, nayo ya The Twilight Zone, ile majirani wanavunja mlango wa handaki la daktari kwa hofu ya bomu, naomba muiache iume. Iwekeni baada ya ile ya Mars, watu wakiwa bado wanacheka, itawapiga vibaya sana.

Ruhusa muombe, tena kabla hamjaanza mazoezi. Miaka ya sitini mnaiona mbali lakini hizo episodi bado zina wenyewe, maandishi na hata wahusika, na kutotoza kiingilio hakuwapi haki. Wakikataa, andikeni ya kwenu: chombo chenu, sayari yenu, nahodha wenu anayeongea kwa kusitasita, sheria ya kutokonyeza ibaki ile ile.