Nina taji, sasa naitwa kusoma habari

SWALI: Ndugu mhariri, nina taji la urembo la mkoa na diploma ya uandishi wa habari. Kituo kimoja cha televisheni hapa Mwanza kimeniita kwenye majaribio ya kusoma taarifa ya habari. Taji litanisaidia? Nijiandaeje?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Limeshakusaidia: umeitwa. Mbele ya kamera linaweza kukuponza, kwa sababu jukwaani ulizoezwa kutabasamu muda wote, na habari ya mtumbwi uliozama Ukerewe haisomwi kwa tabasamu. Jirekodi kwa simu ukisoma habari ya msiba, kisha ya michezo. Zima sauti, tazama uso tu. Ukishindwa kutofautisha ipi ni ipi, rudia.

Soma maneno kama 110 kwa dakika. Wanaokimbia hukatikiwa na pumzi katikati ya sentensi, basi chora mkwaju (/) kwenye karatasi kila pa kupumulia, na tarakimu ziandike kwa maneno. Mtego mkubwa wa Kanda ya Ziwa ni r na l. Fanyia mazoezi jozi kama kura na kula, mahari na mahali. Anayesema wananchi wamepanga foleni ya kula amebadilisha habari nzima.

Prompta, ile skrini inayokuonyesha maneno ya kusoma, hukwama. Shika karatasi na uigeuze kila habari inapoisha, hata kama husomi humo, la sivyo utapekua kurasa watu wakikutazama.

Mavazi: mistari myembamba hutetemeka kwenye skrini, mikufu hugonga kipaza sauti cha kolani. Kijani uliza kwanza. Pazia la nyuma likiwa la kijani, kompyuta hufuta kijani chote na kuweka picha nyingine, nawe utabaki kichwa kinachoelea.

Wakikupa nafasi, sisi tungekushauri uombe kuanza na kuripoti. Diane Sawyer wa Marekani alishinda taji la America's Junior Miss mwaka 1963, akaanza kwa kutangaza hali ya hewa Louisville, na kiti cha taarifa kuu ya habari ya televisheni ya ABC alikikalia 2009. Kwetu, Hoyce Temu, Miss Tanzania 1999, alijulikana kwenye televisheni kwa kipindi cha Mimi na Tanzania, ambacho ni kazi tofauti na taarifa ya habari.

Jaribu kuripoti ukiwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, uulize bei ya dagaa kwa wauzaji watatu, si mmoja. Upepo wa ziwa huvuruga sauti: vika kipaza sauti sponji na uupe upepo mgongo.