Ohtani halipwi milioni 2: mhasibu anajibu kuhusu fedha za usajili wa besiboli

SWALI: Mhasibu, habari za kazi. Naishi Columbus, Ohio, na tangu nihamie huku nimekuwa shabiki wa timu ya besiboli ya Cleveland Guardians. Kila msimu ukiisha naumia roho. Wachezaji huru, wale wasiofungwa na mkataba, wamejaa sokoni, Dodgers wa Los Angeles na Mets wa New York wanasajili, sisi tunaambiwa fedha hakuna. Jamaa wa kazini wanasema Dodgers wana ujanja tu: nyota wao Mjapani, Shohei Ohtani, anachukua dola milioni 2 kwa mwaka, nyingine zimesogezwa mbele ili kukwepa kodi. Kama ni hivyo, kwa nini na sisi tusimpe nyota mmoja milioni 2 leo, tukammalizia mwaka 2040? Shabiki wa Cleveland.

JIBU: Ndugu yangu, swali hili limekuwa likinijia kila msimu wa baridi tangu Desemba 2023. Hubadilisha nguo tu. Mara ni dereva wa teksi, mara ni mchungaji, mara ni kijana anayejiita mchambuzi ambaye amerekodi video nzima akimwita Ohtani mtu anayecheza bure. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi nashusha pumzi kwanza, halafu ndiyo najibu.

Ohtani anapokea milioni 2. Anachostahili kulipwa kwa kila msimu ni milioni 70. Kwa mhasibu, kupokea na kustahili ni safu mbili tofauti kabisa za daftari, na jamaa zako wa kazini wamesoma safu moja. Mkataba ni wa miaka 10, jumla dola milioni 700. Kila msimu anaocheza, milioni 2 zinaingia mfukoni na milioni 68 zinaandikwa deni. Deni la msimu wa 2024 litalipwa 2034, la 2025 litalipwa 2035, hivyo hivyo mpaka 2043. Bila riba.

Hapo kwenye "bila riba" ndipo watu wengi wanapopita mbio, na ndipo jambo lote lilipo. Umewahi kucheza upatu? Watu kumi, kila mmoja anatoa laki moja kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba milioni. Kwenye karatasi wote kumi wamepata sawa. Mbona basi kikao cha kwanza huwa na ugomvi wa nani aanze? Nilikaa katika kikundi kimoja ambako akina mama wawili walinuniana miezi mitatu kwa sababu ya zamu ya pili na ya tisa. Hawakusoma uhasibu, lakini walijua kwamba milioni ya Januari na milioni ya Oktoba si ndugu wa baba mmoja. Ohtani amekubali zamu ya mwisho.

Ligi nayo inajua hesabu ya upatu. Wamiliki na chama cha wachezaji wamekubaliana kwa maandishi kwamba fedha inayosogezwa mbele irudishwe kwenye thamani yake ya leo kabla ya kupigiwa kodi ya anasa, ile ambayo timu hutozwa na ligi mishahara ikivuka kiwango. Kiwango cha punguzo kilichotumika kwa Ohtani ni asilimia 4.43 kwa mwaka. Chukua kikokotoo: milioni 68 za miaka 10 ijayo, kwa asilimia hiyo, leo ni kama milioni 44. Ongeza zile 2 anazopokea. Ndiyo maana kwenye hesabu ya kodi Ohtani anasomeka dola milioni 46.06 kwa mwaka. Wala 2, wala 70.

Kwa hiyo nani amekwepa nini? Ukitaka kulalamika kwamba milioni 46 ni bei rahisi kwa mtu anayepiga na kurusha mpira kwa kiwango kile, nitakaa nawe tulalamike pamoja. Lakini neno kukwepa liache. Kwa msimu wa 2024 Dodgers walitozwa kodi ya anasa ya takriban dola milioni 103. Mwaka 2025 kizingiti cha mishahara, ambacho juu yake kodi hiyo huanza, kilikuwa dola milioni 241. Timu inayokivuka mara ya kwanza hutozwa asilimia 20 ya kilichozidi, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu 50, na juu ya hapo kuna nyongeza inayofika asilimia 60 kwa anayevuka kwa zaidi ya milioni 60. Timu iliyofika juu kabisa, ikiongeza mshahara wa dola moja, inailipa ligi dola moja na senti kumi. Sijawahi kuona mkwepa kodi wa namna hiyo.

Sasa, kuna kodi nyingine, na naamini jamaa zako wameisikia wakaichanganya na hii. California hutoza kipato kikubwa zaidi ya asilimia 13. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inasema malipo ya aina fulani yanayogawanywa kwa miaka 10 au zaidi baada ya mtu kuacha kazi hutozwa na jimbo analoishi wakati anapokea, si jimbo alikofanya kazi. Hesabu mwenyewe: 2034 mpaka 2043 ni miaka mingapi? Ohtani akiwa amerudi Japani, au amehamia Florida ambako jimbo halitozi kodi ya mshahara, California inaweza kukosa fungu lake. Januari 2024 mdhibiti wa fedha wa California, Malia Cohen, alilitaka Bunge la Marekani liweke kikomo kwenye nafuu hiyo. Ukitaka kubishana na mtu kazini, bishana hapo. Lakini hiyo ni kodi ya Ohtani na jimbo. Dodgers haiwaondolei hata senti kwenye bili yao ya ligi. Kuchanganya kodi hizi mbili ni sawa na kwenda kulipa ada ya mtoto shuleni ukiwa umeshika risiti ya luku.

Twende Cleveland. Huko kwenu mambo ni mafupi na machungu.

Pendekezo lako la kumpa nyota milioni 2 leo na kummalizia 2040 haliwezekani kwa namna unavyolifikiria, kwa sababu ligi haikubali ahadi ya mdomo. Klabu inayosogeza malipo inatakiwa kutenga fedha yenye thamani ya deni lile ndani ya muda mfupi: kabla ya tarehe 1 Julai ya pili baada ya msimu ambao mchezaji aliistahili. Kwa mkataba kama wa Ohtani hiyo ni zaidi ya dola milioni 40 za kuwekwa pembeni kwa kila msimu. Kusogeza mbele hakumpi fedha asiye nazo. Humpa nafasi ya kupumua aliyenazo.

Na Dodgers wanazo. Mwaka 2013 walisaini mkataba wa televisheni wa miaka 25 wenye thamani ya dola bilioni 8.35. Timu yenu ilikuwa ikionyeshwa na kampuni ambayo kampuni mama yake iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2023, na kuanzia 2025 matangazo yenu yanatengenezwa na ligi yenyewe. Kodi ya anasa haijawahi kuwagusa, kwa hiyo hata mbinu ya kuipunguza ingekuwa dawa ya ugonjwa msioumwa. Mkataba mkubwa kabisa ambao Cleveland imewahi kumpa mchezaji huru kutoka nje ni wa Edwin Encarnación, Januari 2017: miaka mitatu, dola milioni 60. Francisco Lindor mlimlea wenyewe, mkamuuza Mets Januari 2021 akiwa amebakiza mwaka mmoja kuwa huru, na Mets wakampa miaka 10 kwa milioni 341. José Ramírez alibaki, lakini alibaki kwa kukubali chini ya bei ya soko, na hilo kila mtu analijua.

Je, wamiliki wenu wangeweza kutoa zaidi? Mimi naamini ndiyo. Ila usiniambie kwamba bila kununua mnaangamia. Mmechukua ubingwa wa kundi lenu mwaka 2022, 2024 na 2025. Mets wa 2023, wakiwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote kabla yao, walishinda mechi 75 wakapoteza 87, na katikati ya msimu wakawauza nyota wao wa kurusha mpira, Max Scherzer na Justin Verlander. Siri ya Cleveland ni ile miaka sita ya kwanza, kabla mchezaji hajawa huru. Kijana wa mshahara wa chini alikuwa analipwa dola 760,000 mwaka 2025. Na hata huo uhuru wa baada ya miaka sita ni wa juzi. Mchezaji Curt Flood alipokataa kuuzwa Philadelphia mwaka 1969 alikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972, wakati kazi yake ya uchezaji ilikuwa imeshakwisha. Mlango ulifunguka Desemba 1975 kwa uamuzi wa msuluhishi Peter Seitz, Flood akiwa ameshastaafu.

Nimejibu la kwako. Ila acha niseme linaloniuma, maana jamaa zako wa kazini hawakuzaliwa na hilo kosa. Wamelishwa.

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa huibuka watu wanaouza namba tupu. "Timu fulani imetumia bilioni!" Imetumia lini? Imetoa ngapi leo, ngapi mwaka 2040, ngapi ni za uhakika? Hawajui, na hawana haja ya kujua, maana wanakula kwa idadi ya macho. Desemba 8, 2023 walimfuatilia mtu angani, ndege binafsi kutoka Kusini mwa California kwenda Toronto, wakatangaza kwamba Ohtani yumo ndani anakwenda kusaini timu ya huko, Blue Jays. Aliyeshuka ni mfanyabiashara Robert Herjavec na watoto wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo mchezaji huru Carlos Correa "alisaini" San Francisco miaka 13 kwa milioni 350. Madaktari wakatazama kifundo chake cha mguu, mkataba ukafa. Akahamia Mets, miaka 12 kwa milioni 315. Madaktari tena, ukafa tena. Januari 2023 akarudi Minnesota kwa miaka sita, milioni 200. Mashabiki wa besiboli wanacheka hadithi hii, lakini wa Simba na Yanga wanaijua hata kabla sijaimaliza: picha ya jezi ilishatoka, mchezaji hajapimwa hata presha.

Halafu kuna kichekesho chao cha kila tarehe 1 Julai, cha mchezaji wa zamani Bobby Bonilla. Mets walitaka kuachana naye wakiwa bado wanadaiwa dola milioni 5.9 za mwaka 2000. Akakubali kusubiri mpaka 2011, kisha apokee dola 1,193,248.20 kila tarehe hiyo hadi 2035. Jumla inafika karibu milioni 29.8, na kila mwaka mabingwa wa mtandaoni wanaikumbusha Mets ujinga wake. Hakuna anayetaja riba. Iliandikwa asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 8 ukiiacha ikae miaka inazaa bila kuomba ruhusa. Weka mikataba hiyo miwili mezani: Bonilla alisubiri kwa riba, Ohtani anasubiri bila riba. Mmoja anaitwa mjanja aliyewaibia Mets, mwingine anaitwa mjanja anayeiibia ligi. Mtu anayesema yote mawili kwa kinywa kimoja hajafungua karatasi yoyote.

Ningewaacha na kelele zao kama zingeishia kwenye ubishi. Haziishii hapo. Vijana wa kwetu wameanza kuingia. Mwaka 2022 Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na tangu hapo kila mwenye mtoto anayerusha jiwe mbali amesikia neno mkataba. Mwaka jana alinijia mzazi mmoja, mtu mzima wa heshima zake, ameshika simu yenye picha ya skrini. "Wakala" amemwandikia kwamba mwanawe ana ofa ya malaki ya dola, atume kwanza ada ya kufungua faili. Nikamuuliza, ofa hiyo inalipwa lini, na nani, kwa masharti gani? Akanionyesha ile namba tena, akaikuza kwa vidole viwili ili niione vizuri.

Wakala wa kweli hula asilimia baada ya mchezaji kulipwa. Anayeomba fedha kabla ni mwizi, hata akiwa na kadi ya kung'aa. Wapo pia wengine wanaofuata sheria: kampuni zinazompa kijana wa ligi ndogo fedha taslimu leo, kwa asilimia ya mshahara wake wote wa baadaye akifika juu. Mchezaji Fernando Tatis Jr. alichukua fedha hizo akiwa kijana. Mwaka 2021 akasaini San Diego miaka 14 kwa dola milioni 340, na kampuni ikawa na fungu humo. Mwaka 2025 alikwenda mahakamani kupinga. Kukopa harusi, kulipa matanga, na yeye alibahatika kuwa na milioni 340 za kuombolezea.

Kwa hiyo kesho kazini waambie hivi: Ohtani ni milioni 46 kwenye kodi ya ligi, na kodi ya California ni kesi nyingine. Na kama kuna kijana yeyote huko Columbus anayefuatwa na mtu mwenye ofa, mwambie aombe ukurasa wenye tarehe za malipo, asome kila mstari, na asisaini kitu mbele ya huyo mtu. Akiupata ukurasa huo anitumie, nitausoma bila malipo. Picha ya skrini asinitumie.