Ukitaka kuunda kompresa kwa mota ya friji, tafuta tangi kwanza

Vijana wanaopita karakanani kwetu Keko, Dar es Salaam, na kuiona ile mashine ya upepo chini ya meza ya sofa huanza na swali la mota. Ni ya friji gani, hosipawa ngapi, inapatikana wapi. Mimi huwarudisha kwenye tangi. Mota ikifa, umepoteza hela kidogo na mchana mmoja. Tangi likipasuka, chuma kinaruka, na aliye karibu hapati hata nafasi ya kukwepa.

Chaguo langu ni tangi la breki za upepo la lori. Limetengenezwa kubeba presha ya bar 8 hadi 10 (bar ni kipimo cha presha) miaka nenda rudi, matundu yake yana nyuzi tayari, na chini lina vali ya kumwagia maji. Wauza skrepa za malori wanayo. Najua wengi wanatumia mtungi wa gesi ya kupikia, lakini mimi siupendi. Gesi hubaki ndani hata ukidhani imekwisha, na kwa kuwa mtungi una tundu moja, fundi hushawishika kuuchomelea ili aongeze jingine. Hapo ndipo watu hulipukiwa. Mabomba ya plastiki ya maji usiyafanye tangi kabisa. Hupasuka vipande vikali kama vya kioo.

Tangi chakavu halijazwi upepo kabla ya kupimwa kwa maji. Azima kwa fundi bomba ile pampu ya mkono ya kupimia mabomba. Jaza tangi maji mpaka yafurike, hewa yote itoke, funga matundu, kisha pampu taratibu. Mimi hufanya kazi kwa bar 7, sefti vali yangu, ile inayotoa upepo presha ikizidi, inafunguka bar 8, kwa hiyo napima hadi bar 12. Liache nusu saa. Mshale wa geji ukishuka, au ukiona jasho kwenye mshono, hilo tangi ni la skrepa tu. Sababu ya kutumia maji ni kwamba maji hayashindiliki: tangi likitoboka, presha inaanguka palepale, tangi halilipuki.

Sasa mota, yaani kile chungu cha chuma nyuma ya friji chenye pampu ya gesi ndani yake. Kabla ya kukata bomba lolote, soma kibandiko kwenye friji. Ukiona R600a, hiyo gesi inawaka moto, kwa hiyo usikaribishe gesi ya kuchomelea wala msumeno wa umeme. R134a haiwaki, lakini ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia, na R12 ya friji za zamani inaharibu ozoni; Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliibana kwa sababu hiyo. Mwite fundi friji mwenye mashine ya kuivuta gesi, halafu ukate kwa kikata bomba cha mkono.

Mota ina mabomba matatu: la kuvuta, la kusukuma na la kujazia gesi. Washa kidogo, weka kidole kwenye kila mdomo, utalijua linalosukuma. La kujazia lizibe. Kwenye la kuvuta weka filta ndogo ya petroli ya bodaboda, maana vumbi la mbao likiingia, mota haidumu. Ng'oa pamoja na mota ile rilei (inayoiwasha) na ovalodi (inayokata umeme mota ikizidiwa) za pembeni, zibaki kama zilivyokuwa, na waya wa athi ufungwe kwenye mwili wa mota na kwenye tangi.

Oili nayo isisahaulike. Ndani ya friji, oili husafiri na gesi na kurudi. Kwenye upepo hairudi. Inatoka kidogokidogo mpaka mota inakauka. Imwage yote, ipime, rudisha kiasi kilekile cha oili ya kompresa, kisha uwe unaikagua. Kama unapuliza vanishi, weka kitenganishi cha oili na maji kabla ya bunduki ya kupulizia, la sivyo mbao itajaa vishimo vidogovidogo ambavyo msasa peke yake hauviondoi.

Kitu kinachowasumbua wengi ni mota kugoma kuwaka tangi likiwa na presha. Mota za friji nyingi hazina nguvu ya kuanza zikiwa na mzigo. Dawa yake ni vali ya kuzuia upepo kurudi, ifungwe mdomoni mwa tangi, pamoja na presha swichi (inayozima mota tangi likijaa) yenye vali ndogo ya kutoa upepo uliobaki kwenye bomba. Kila inapozima utasikia "psss" fupi. Usipoisikia, mota itanguruma bila kuzunguka na ovalodi itakata. Sefti vali ikae kwenye tangi lenyewe, bila koki katikati. Mota hizi zinaweza kusukuma presha kupita uwezo wa tangi, na swichi ikigandana hakuna kingine cha kukuokoa.

Usiitarajie mashine hii ifanye kila kazi. Mota ya friji ya nyumbani inayovuta sentimita za ujazo 8 kwa mzunguko, ikizunguka kama mara 2,900 kwa dakika kwenye umeme wetu wa Hz 50, inatoa lita 23 hivi kwa dakika, tena hizo ni za kwenye karatasi. Tangi la lita 30 kufika bar 7 ni robo saa au zaidi. Bunduki kubwa ya rangi hula zaidi ya lita 100 kwa dakika, kwa hiyo kupuliza kabati zima sahau. Lakini kwa bunduki ya pini za sofa, kupuliza vumbi na kujaza matairi ya pikipiki inatosha kabisa, tena bila kelele. Naipenda kwa hilo. Tunaongea na mteja huku inajaza.

Ipumzishe. Ndani ya friji ilipozwa na gesi baridi inayorudi, hapa haina kitu hicho. Kiganja kikishindwa kukaa juu yake, zima.

Na kila jioni fungua vali ya chini. Dar wakati wa masika yanatoka maji ya kutosha kulowanisha kitambaa, ya rangi ya chai. Yakianza kutoka na magamba ya kutu, shusha presha yote, ulipime tangi kwa maji upya kabla hujalijaza tena.